BMW kwa bei ya IST: ninachokiona nikichapa mikataba ya magari Kigoma

Pesa ya kununua Toyota IST iliyosimama vizuri, leo hii inatosha kununua BMW X5. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la madalali wa magari utaikuta: nyeusi, viti vya ngozi, kioo juu ya paa, "haidaiwi, bei maelewano". Vijana hapa Mwanga wananiuliza kama hiyo si bahati ya kuiwahi kabla mwingine hajaichukua. Huwa nawajibu kwa kirefu mpaka wengine wanachoka, maana jambo hili nimeliona likila viwanja na mitaji ya watu ninaowafahamu.

Nina steshenari karibu na soko la Mwanga. Nachapa barua, natoa kopi, nawatengenezea wafanyabiashara wadogo mahesabu yao ya mwaka, na nachapa mikataba ya mauziano. Ya viwanja, ya mashamba, ya mitumbwi, na ya magari. Ya magari ina maneno yake ambayo nimeshayakariri: "nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimemuuzia ndugu..." Inafuata aina ya gari, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, shahidi wa muuzaji, shahidi wa mnunuzi. Wakimaliza wanakwenda kwa wakili kugongewa muhuri.

Faili zote nazitunza. Gari likiuzwa tena hapa mjini, sina haja ya kuanza upya: nafungua mkataba wa zamani, nabadilisha majina, nabadilisha tarehe, nabadilisha kiasi. Aliyekuwa mnunuzi sasa anakaa mahali pa muuzaji. Ndiyo maana mimi, ambaye si dalali wala fundi, nimeziona bei za magari zikishuka kwa namna ambayo watu wengi hawazioni. Wengi wanaliona gari siku moja tu, siku wanayolinunua.

Ipo X5 moja ninayoifahamu hivyo. Ni ile BMW wanayoiita E70, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2013. Mara ya kwanza kuichapa, ilikuwa imetoka Dar es Salaam na mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Niliandika shilingi milioni 46. Miaka miwili baadaye alirudi akiwa muuzaji, nikafuta 46 nikaandika 27. Aliyeinunua kwa 27 naye akaja kuiuza. Alikuwa amewaambia watu nyumbani kwamba haishuki 20. Nikaandika 20 kama alivyonitajia. Mnunuzi, kijana fundi wa simu, akainama kwenye skrini yangu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usiandike hiyo. Tumeshaongea. Andika kumi na tano." Nikamtazama muuzaji. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kusimama mlangoni hadi karatasi zikatoka.

Kutoka 46 hadi 15, na gari lilikuwa bado linang'aa. Halijagongwa, halijapinduka, injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Milioni 31 zimekwenda wapi?

Sehemu ya jibu iko mbali na Kigoma. Gari jipya, la aina yoyote, hupoteza takribani asilimia 20 ya bei yake ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika miaka mitano mengi yamepoteza nusu au karibu na hapo. Ya kifahari hupoteza zaidi. Kwenye soko la Marekani, BMW 7 Series na Maserati Quattroporte hazikosekani kwenye orodha za magari yanayoporomoka bei kwa kasi kubwa, na si ajabu yakapoteza zaidi ya asilimia 60 kwa miaka mitano. Mwenye uwezo wa kununua gari la namna hiyo hulitaka jipya. Wengi kule hawalinunui hata kidogo, wanalikodi kwa mkataba wa kama miaka mitatu kisha wanalirudisha na kuchukua jingine. Basi yanarudi sokoni kwa wingi na kwa wakati mmoja, wakati toleo jipya limeshatoka na wenye pesa wameshaligeukia. Na dhamana ya kiwanda inakuwa ukingoni. BMW huko Marekani hutoa miaka 4 au maili 50,000, ambazo ni kama kilomita 80,000. Ndani ya dhamana, pampu ikifa kampuni inalipa. Dhamana ikiisha, unalipa wewe, na kila mnunuzi kule analijua hilo. Anayenunua gari la miaka mitano anaikata bei mapema kwa ajili ya matengenezo anayoyaona yanakuja.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, kuna msukumo wa ziada. Gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Kodi ya mwaka inakwenda na ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi inapanda. Mjapani mwenye BMW ya cc 3,000 anapiga hesabu, anaona heri aipeleke mnadani kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Ikifika bandari ya Dar es Salaam inakutana na TRA. Chukua gari lililozidi miaka 10, injini zaidi ya cc 2,000, ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini ni milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya umri. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Kodi peke yake inavuka milioni 10 na nusu, na bado sijagusa tozo ndogondogo na wakala wa forodha. Gari la milioni 10 limekuwa la milioni 20 na zaidi kabla halijavuka geti. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulinunua hapa nchini anabeba bei iliyojaa kodi, na akitaka kuuza haraka anajikuta anawauzia watu wanaoangalia gari, hawaangalii risiti zake za bandarini.

Wafanyabiashara ninaowatengenezea mahesabu wanalijua anguko hili kwa jina la uchakavu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu gari dogo la biashara kukatwa asilimia 37.5 kila mwaka kwenye thamani iliyobaki. Anza na milioni 100: mwaka wa kwanza inabaki 62.5, wa pili 39, wa tatu 24 na kidogo. Wengi huona hesabu hiyo ni ya vitabuni tu. Mimi nikiilinganisha na mikataba iliyomo kwenye kompyuta yangu, kwa magari ya kifahari haiko mbali na ukweli.

Lakini haya yote ni upande wa bei. Ninachotaka kijana wa Mwanga akielewe ni upande wa pili. Bei ya gari inashuka. Bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Pampu ya maji ya X5 haijui kwamba gari sasa limenunuliwa kwa milioni 15. Iliwekwa kwenye gari la tajiri na inauzwa kwa bei ya gari la tajiri. Mnunuzi wa tatu anamiliki gari la milioni 15 lenye matumizi ya gari la milioni 200, na kipato chake ni cha mtu wa milioni 15.

Hiyo E70 yenye injini ya petroli ya silinda sita pampu yake ya maji ni ya umeme. Haizungushwi na mkanda kama ilivyo kwenye Toyota tulizozizoea. Inaendeshwa na kompyuta ya gari, na ikifa mara nyingi haikupi muda: taa inawaka, joto linapanda, unasimama. Betri nayo si ya kutoa na kuweka tu. Ukiweka mpya inabidi kompyuta ya gari iambiwe kwamba betri imebadilishwa, la sivyo inaendelea kuichaji kama ile iliyochoka na kuiua mapema. Gia ni ya umeme. Gari likikosa umeme, gia inajifunga kwenye P.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho, masika, kwenye ule mteremko wa barabara ya Lumumba kutoka Mwanga kwenda stesheni. Yule fundi wa simu gari lake lilizima katikati ya barabara, betri imekufa. Vijana wa bodaboda wakaja mbio kusaidia kusukuma, watu sita wenye nguvu, mteremko nao ukiwasaidia. Halikusogea hata inchi. Magurudumu ya nyuma yamefungwa kabisa. Hiace za Ujiji zikaanza kupiga honi, mvua inanyesha, mmoja wa wale vijana akamuuliza, "Kaka, umefunga breki ya mkono?" Hakuwa ameifunga. Ipo namna ya kuifungua gia hiyo kwa mkono, lakini lazima uijue iliko na ufungue mapambo ya ndani kuifikia. Pale hakuna aliyeijua. Lilikaa katikati ya barabara hadi walipoazima betri ya Fuso na kuliamsha.

Mafundi wetu wa Gungu na Katubuka ni hodari, na sitaki mtu asome haya akadhani nawadharau. Mkono wa fundi wa Kigoma umefufua magari ambayo kwingine yangekatwa vyuma chakavu. Ila mashine ya kupimia aliyonayo inaisoma Toyota vizuri. Ikichomekwa kwenye BMW inatoa namba mbili tatu kisha inanyamaza, na fundi anabaki kubahatisha. Anabadilisha sensa, tatizo lipo. Anabadilisha koili, tatizo lipo. Kila kubahatisha ni pesa, na spea ikihitajika inaagizwa Dar es Salaam, Shaurimoyo, iletwe kwa basi kilomita zaidi ya 1,200. Ikifika siyo, inarudi kwa basi. Ndiyo kisa X5 inauzwa kwa bei moja Dar na kwa bei nyingine hapa. Umbali huo wote umo ndani ya bei, na mnunuzi wa hapa anayefurahia punguzo atakuja kuulipa.

Mtu ataniambia: basi kila gari la bei mbaya ni hasara. Hapana, na ushahidi tunao hapa hapa mkoani. Land Cruiser hardtop, tunayoiita mkonga, si gari la maskini. Likiwa jipya ni pesa nyingi kweli. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, barabara za Kasulu na Kibondo zimejaa magari haya ya mashirika, na yakitimiza muda wake huuzwa kwa zabuni. Tangazo linabandikwa ubaoni: magari yanauzwa yalivyo na mahali yalipo. Yamepigwa na vumbi jekundu miaka na miaka, viti vimechanika, kilomita zimepita laki tatu, na watu wanagombania mpaka bahasha zinafunguliwa mbele ya mashahidi. Mengi yana injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Injini hiyo ipo tangu mwaka 1990 na muundo wa gari lenyewe ni wa 1984. Fundi wa Makere anaifungua na kuifunga, na spea zake, mpya na za mtumba, ziko madukani. Dereva wa shamba la mawese anaitaka, mkandarasi anaitaka, mwenye duka la jumla anaitaka. Bei inabaki juu kwa sababu aliyenayo akichoka leo, kesho kuna mtu wa kuichukua na fundi wa kuitengeneza.

(Tahadhari kwa wanaovizia zabuni hizo: magari yenye namba za DFP, ya miradi ya wafadhili, mara nyingi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Ukishinda zabuni, kodi inakuwa yako. Soma tangazo hadi mwisho kabla hujajaza kiasi.)

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Utasikia, "IST yangu niliinunua milioni 10, nimeitumia miaka sita, nimeiuza milioni 10." Ni kweli, hata mimi nimechapa mikataba ya namna hiyo. Lakini mwaka 2014 dola moja ilikuwa shilingi 1,600 na ushee, na katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Anayeagiza IST leo anatoa shilingi nyingi zaidi kwa gari lilelile, na hiyo inaibeba bei ya iliyoko mtaani. Gari limechakaa, shilingi nayo imechakaa, kwa hiyo kwenye mkataba inaonekana hakuna kilichopungua. Sasa irudie X5 ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Ilitoka 46 hadi 15 kwa shilingi ambayo yenyewe ilikuwa ikishuka. Kwa dola, anguko ni kubwa kuliko nililoandika.

Yapo pia magari yanayopanda bei. Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, moja kati ya mbili zilizotengenezwa, iliuzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Hayo ni mambo ya wenye makumbusho na hayatuhusu, ila nimeyataja kwa sababu kuna dalali mmoja hupenda kuwaambia wateja kwamba gari la Ulaya "ni kama kiwanja". Si kweli hata kidogo kwa gari lililotoka kiwandani kwa maelfu na maelfu.

Nirudi kwa yule kijana fundi wa simu, maana kilichompata ndicho kilichonikalisha kuandika. Katika ile milioni 15, yake ilikuwa 7. Nyingine 8 alikopa, akaacha kadi ya gari kwa mkopeshaji. Marejesho yalikuwa ya kila mwezi na riba ilikuwa nzito. Baada ya lile tukio la Lumumba aliweka betri mpya na hakuna aliyeiambia kompyuta ya gari chochote. Miezi michache baadaye pampu ya maji ikafa njiani akitoka Kidahwe. Aliona joto linapanda, akasema afike tu mjini. Silinda hedi ikapinda, gasketi ikaungua. Gari likapelekwa Gungu na kuwekwa juu ya mawe, na hapo ndipo marejesho yalipomshinda, kwa kuwa pesa ya marejesho aliipeleka kwenye spea.

Mkopeshaji alikuja na mtu wake wa kuthamini. Alilizunguka gari, akasema milioni 5. Deni lilikuwa limebaki 7. Yaani kulichukua gari lote lenyewe kusingemaliza deni. Mama wa yule kijana ndiye aliyelimaliza: aliuza kiwanja chake cha Bangwe, alichokipata kwa miaka ya kuuza mawese kwa debe hadi kufika hapo. Mkataba wa kiwanja hicho niliuchapa mimi. Mama wa watu alikuwa ametulia, ananisomea mipaka, kaskazini kwa fulani, kusini njia, na mimi ndiye niliyekuwa nakosea herufi.

Kadi ilipotoka kwa mkopeshaji, mama alikuja tena na wazo la kuliuza lile gari kwa hiyo hiyo milioni 5 lipate kuondoka machoni. Nilimwomba asubiri. Nilimwambia, "Mama, lile gari zima halina mnunuzi hapa, lakini vipande vyake vina wanunuzi Dar." Kila mwenye X5 kama hiyo nchini anahangaika na spea zilezile zilizomshinda mwanao, na ya mtumba iliyo nzima anaitafuta usiku na mchana. Tukaenda Gungu na fundi, tukapiga picha kipande kimoja kimoja, nikachapa orodha yenye namba za spea zilizoandikwa kwenye vyuma vyenyewe: rimu nne na tairi zake, taa mbili za mbele, viti, kioo cha paa, dashibodi, milango, giaboksi, kompyuta ya injini. Nikaituma kwa watu wa Shaurimoyo. Simu ya kwanza ilipigwa siku hiyohiyo, anauliza taa.

Rimu na taa zimeshalipwa na kusafirishwa. Viti amechukua mtu wa Mwanza. Vilivyouzwa mpaka sasa vimevuka milioni 6, na giaboksi bado ipo, imefungwa kwenye turubai, wawili wanaishindania. Barua ya TRA ya kuomba kufuta usajili wa gari nimeshamwandikia, ili deni lolote la kesho la namba ile lisije kumtafuta yeye. Bado inasubiri saini ya mwanae, kwa kuwa kadi iko kwa jina lake.